Cheti cha mwisho alichoandika Dada Yustina

Bado akili yangu inakataa. Leo asubuhi nimeshika simu nimuulize Dada Yustina kama tunakwenda kazini pamoja. Tulimzika jana, makaburi ya Mshangano.

Kwa msiomjua: Yustina Mbawala alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini hapa Songea. Wagonjwa walimwita daktari wa mazoezi. Mimi nipo dirisha la dawa, hospitali hiyohiyo, korido moja naye.

Hakuwa mtu laini. Kuna mume alimvunja mkewe nyonga kwa teke, halafu akaja naye kliniki kumlinda asiseme. Yustina alimkamata ukosi, akamtoa mpaka getini, akarudi kuendelea na zoezi.

Kuna mkulima wa korosho wa Nakapanya, tembo alimkanyaga shambani. Yustina alimliza kwa mazoezi miezi saba, mpaka akatoka wodini kwa miguu yake.

Kilichokuwa kinamchoma ni kimoja. Hakuruhusiwa kuandika dawa, hata ya maumivu. Misuli ya mgonjwa ikikakamaa hashikiki, na lazima asubiri daktari ndipo mazoezi yaanze.

Aliandika barua kwa wakubwa. Tupeni training, tupimeni, kisha mturuhusu dawa chache zinazohusu kazi yetu. Kwenye kikao cha wafanyakazi alisimama peke yake kulisema hilo. Mimi niliangalia chini.

Siku ile aliniambia, "Mdogo wangu, daktari akija ananiuliza mimi, halafu anaandika nilichomwambia. Sasa sahihi yangu ina kasoro gani?"

Nilimjibu kwamba dawa ikimdhuru mtu nitaulizwa mimi. Nilishapewa barua ya onyo mara moja, sikutaka ya pili.

Jumanne aliletwa kijana aliyepigwa marungu mgongoni kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Kaka yake alimbeba mgongoni kutoka kwenye bajaji. Kila Yustina alipomgusa, alipiga ukelele hadi wagonjwa wa nje kule OPD wakasikia.

Daktari alikuwa mmoja tu, na alikuwa theatre anamfanyia mama upasuaji wa uzazi. Yustina akaandika cheti. Dawa ya maumivu na ya kulegeza misuli. Akaweka jina lake na cheo chake, bila kuficha.

Kaka mtu akaja dirishani. Nikamrudisha.

Yustina akanipigia, akaniomba nitoe hata ya siku moja, daktari akitoka atasaini. Nikakataa. Kaka akaja tena na cheti kilekile, nikakirudisha tena.

Alirudi mara ya tatu. Aliniuliza amfuate nani sasa. Nikamwambia, na maneno haya nitakwenda nayo kaburini: "Kamuulize huyo aliyekuandikia. Anajua haruhusiwi."

Aligeuka akarudi chumba cha mazoezi. Ukutani kulikuwa na magongo ya chuma ya kutembelea, akachukua moja.

Pigo la kwanza lilimpata Yustina begani. La pili lilivunja mkono aliojikingia. Yule mgonjwa, ambaye asubuhi nzima hakuweza hata kugeuka, alijitupa kutoka kitandani akashika mguu wa kaka yake, anamsihi aache. Hakuacha. La tatu lilimpata kichwani.

Nilipofika, mkeka wa mazoezi ulikuwa umelowa damu. Walinzi na ndugu wa wagonjwa walikuwa wamemwangusha yule kaka, wanamkanyaga uso. Mtu alikuja na tofali. Nawaambia ukweli, nilitaka limpate.

Wengine walikuwa wanamvuta mgonjwa kwa mikono atoke njiani. Yustina alikuwa chini, jicho moja limejaa damu. Akasema, "Msimburute. Mgongo."

Hakusema tena kitu. Alhamisi saa nne asubuhi akafariki.

Yule kaka yupo mikononi mwa polisi, taya limevunjika. Mkinitumia ujumbe kwamba angemaliziwa palepale, sitawajibu. Yeye ndiye aliyeua. Lakini mimi ndiye niliyemwelekeza mlango.

Sheria niliifuata. Wakaguzi wakija watakuta vitabu vyangu viko sawa.

Jana baada ya mazishi nilimfuata mama yake. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza yote, hadi yale maneno ya dirishani. Nilitaka anizabe kofi. Nilimwomba anizabe.

Wanawake waliokuwa wakiimba wakanyamaza. Kisha mama akaniuliza, "Na yule mgonjwa wake, dawa alipata?"

Alipata, mama. Jioni ileile. Daktari alitoka theatre, akaandika akiwa amesimama, hata mgonjwa hakumwangalia. Alinakili cheti cha Yustina neno kwa neno, akaweka sahihi yake chini. Mimi nikatoa dawa.

Usiku ule kijana alilala. Jana wamemkalisha kitandani.

Dada Yustina, ulikuwa sahihi, na nilijua hivyo tangu siku ya kikao. Nisamehe ukiweza. Usingizi wako uwe mwema, dada yangu.