Springi za Kihoto

Mimi hununua vyombo vya muziki vilivyotumika, na njia yangu ya kupata bei nzuri ni kutafuta matangazo yaliyoandikwa vibaya. Anayejua anachouza huandika jina la kiwanda na sifa zote, na bei yake huwa ya mtu anayejua. Asiyejua huandika "redio kubwa ya gita" au "spika ya kanisa, inaongea poa". Huyo ndiye wangu. Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari hapa Nakuru, na wakati wa chai, wenzangu wakibishana kuhusu mpira, mimi huwa nimeinamia simu nikipitia vitu vya watu wa Gilgil, Molo na Naivasha.

Ndivyo nilivyoiona ile amplifaya. Picha ilikuwa na ukungu: sanduku la mbao lililovishwa ngozi nyeusi, juu yake sufuria mbili. Tangazo lilisema tu, "Ya zamani lakini nzima. Kihoto." Kihoto ni mtaa wa Naivasha, kando ya ziwa. Niliikuza picha, na mwisho wa safu ya vitufe nikaona kile cha mwangwi. Moyo ukaruka, kwa sababu amplifaya ya umri ule ikiwa na mwangwi, ndani yake mna springi.

Kwa asiyejua, nitaeleza. Siku hizi mwangwi hutengenezwa na kompyuta ndogo ndani ya chombo. Zamani walitumia springi za kweli, nyembamba na ndefu, mbili au tatu, zilizotandazwa ndani ya trei ya chuma. Sauti ya gitaa huingia upande mmoja ikiwa mtetemo, husafiri hadi mwisho wa springi, hurudi, huenda tena, na kila safari hupungua nguvu. Sikio husikia gitaa, kisha kivuli chake. Hakuna kompyuta niliyoisikia ikiiga kivuli hicho sawasawa.

Jumamosi mume wangu alinipeleka na pikapu yake, ile anayobebea viazi kutoka Dundori. Yeye hatofautishi gitaa na zeze, lakini hajawahi kuninyima pikapu. Wenye amplifaya walikuwa mzee na mkewe, wanaokaa vyumba viwili vya kupanga upande wa juu, tangu ziwa lilipoingia katika nyumba yao wenyewe kule chini. Mzee alikuwa fundi wa stima aliyestaafu kwenye mitambo ya mvuke. Mkewe alikuwa amefunga maua kwenye mashamba ya ziwani mpaka mgongo ukakataa. Tulimkuta ameketi mlangoni akimenya minji, zile njegere mbichi.

Nilichomeka gitaa langu. Sauti ilitoka nzito na tamu, kama uji uliopikwa polepole. Nikazungusha kitufe cha mwangwi hadi mwisho, kimya. Nikaigonga amplifaya ubavuni kwa ngumi, maana yenye springi nzima ukiigonga hivyo ikiwa imewashwa hunguruma kama radi. Hii haikusema kitu.

"Mwangwi haufanyi kazi, mzee," nikamwambia.

"Uliharibika," akasema, macho yakiwa sakafuni.

Nilimuuliza kama maji yaliingia ndani. Akasema hapana, aliipandisha juu ya kabati mapema. Mkewe akasema kutoka mlangoni, bila hasira yoyote, kwamba ilipandishwa hata kabla ya godoro. Mzee akatabasamu kidogo. Nikapunguza bei karibu nusu, nikimweleza jinsi springi zilivyo ghali kuagiza. Nilitarajia abishane. Akakubali palepale. Njiani nilijisifu mpaka tukapita Gilgil.

Kesho yake baada ya kanisa niliifungua. Trei ya springi huwekwa chini kabisa, ndani ya mfuko uliofungwa kwa skrubu. Niliitoa nikitegemea kutu. Springi tatu zilikuwa safi, zinang'aa. Nikapima nyaya nyembamba kama unywele zilizo pande zote mbili za trei, na zote zilikuwa hai. Ndipo nikaona waya unaorudisha sauti. Ulikuwa umechomolewa, ncha yake ikazungushiwa selotepu ya stima, mara tatu, nadhifu, kisha ukafungwa pembeni kwa uzi ili usigusane na kitu. Haikuwa ajali. Mtu alikuwa ameifanya kazi hiyo bila haraka.

Nikaitoa selotepu, nikauchomeka waya, nikapiga wimbo mmoja wa polepole. Sebule ikawa kubwa. Mume wangu akatoka jikoni, mikono ikidondosha maji, akasimama kusikiliza.

"Ni kama uko ndani ya pango," akasema, "na chini kuna maji."

Furaha yangu haikudumu hata jioni hiyo. Nilikuwa nimelipa bei ya kitu kibovu na kuchukua kizima, kutoka kwa watu waliohamishwa na ziwa. Nikampigia mzee simu, nikamweleza nilichokuta, nikamwambia nitakuja kuongeza kilichopungua. Akasema, "Wewe ipige tu, mwalimu. Ni yako. Na ukija kutusalimia, karibu, lakini usije nayo."

Sikuelewa. Nilidhani ni uchungu wa mtu aliyeuza alichokipenda, na nikajiambia kwamba akiisikia tena imepona, atafurahi. Kwa hivyo Jumamosi iliyofuata niliipakia kwenye pikapu, nikaifunika kwa turubai.

Mzee alitungoja barabarani. Alipoliona lile turubai na umbo lililokuwa chini yake, alishika ubao wa pikapu kama mtu anayetafuta pa kujishikilia. Akaniomba tutembee pembeni, na hapo ndipo akanieleza.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalikuja siku baada ya siku, kwanza bustanini, kisha kwenye ngazi, kisha chini ya mlango, na kwa majuma kadhaa mkewe alilala akisikia yakigonga ukuta kwa upole. Ile nyumba waliijenga chumba kimoja kimoja, zaidi kwa mshahara wake wa maua. Walipohamia huku juu, mzee alipopiga gitaa mara ya kwanza, mkewe aliweka sahani chini, akatoka, akasimama nje akiwa amempa mlango mgongo mpaka alipomaliza. Siku nyingine ilikuwa vilevile.

"Nikaelewa," mzee akasema. "Ile springi ina maji ndani yake. Nikauchomoa waya, nikamwambia imeharibika. Lakini bila mwangwi mikono yangu ilikuwa kama imevaa soksi. Nikaacha kupiga. Nikaona heri niiuze. Ningekuambia ni waya tu, ungeurudisha palepale mbele yake."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nilikuwa nimemdadisi mtu na kumpunguzia bei kwa sababu ya kitu alichokivunja kwa ajili ya mkewe. Nikamwambia tutageuza pikapu saa hiyohiyo. Lakini tuliporudi, mkewe alikuwa amefika, anaongea na mume wangu kuhusu bei ya viazi, mkono wake ukiwa juu ya turubai.

"Imepona?" akaniuliza.

Nilimtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema ndiyo, mama, imepona.

"Ilikuwa inaugua nini?"

"Waya mmoja ulikuwa umetoka."

Alimgeukia mumewe. "Fundi wa stima miaka thelathini," akasema taratibu, "ashindwe na waya mmoja."

Yule mama hakungoja jibu. Aliinua mkono akamtoa mzee kitu begani, kama uzi au jani, nami sina hakika kulikuwa na kitu. Kisha akamwambia mume wangu aingize mzigo ndani. Mzee akasema si lazima. Mama akamjibu, "Najua si lazima."

Tuliiweka karibu na dirisha. Mama alikaa kwenye kiti cha karibu kabisa, akashika ukingo wa meza. Mzee akachukua gitaa lake, akaanza na kitu cha zamani cha harusi, polepole, na mimi nikawa na kazi ya kitufe. Niliweka moja. Nikaweka mbili. Nilipofika tatu ile sauti ikafunguka, nikaona vidole vya mama vimekaza mezani. Nikataka kurudisha.

"Acha hapo," akasema.

Akabaki kitini. Wimbo ulipofika nusu alianza kuongea, sio nasi hasa, na mzee akapunguza mkono ili asikike. Alieleza dirisha la jikoni kule chini, ambalo ukiosha vyombo ulikuwa unaona viboko. Alieleza ukuta aliokataa upakwe rangi ya buluu, na mti wa parachichi uliozaa mara moja tu kabla ya maji. Mzee aliniambia baadaye kwamba tangu wahame mkewe alikuwa hajaitaja ile nyumba hata mara moja. Siku hiyo alikuwa analia kidogo na kuendelea kueleza, na mume wangu, ambaye hajui la kufanya watu wakilia, akachukua bakuli la minji na kuanza kumenya.

Tulipotaka kuondoka niliwaambia amplifaya ibaki. Mzee akakataa, akasema tumeshauziana, na pesa zimeshakuwa mabati ya nyumba mpya. Hata ile nyongeza niliyokuja nayo hakuipokea. Ni mama aliyeamua: ikae kwao mpaka shule zifungwe Desemba, kisha nije niichukue. Mzee akanitazama, nami nikakubali haraka kabla hajapata la kusema.

Desemba nilikwenda. Nilikuta amplifaya imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, na mzee ana wanafunzi wawili wa gitaa, watu wazima kutoka kanisani kwao. Mama alinimiminia chai, akaniambia kwamba siku hizi kitufe ni chake yeye.

"Huyu anapenda nne," akasema. "Nne ni nyingi. Mimi nasema tatu."

"Tatu inasikika kama chooni," mzee akasema.

"Basi ipige chooni."

Waliendelea hivyo, tatu na nne, mpaka chai ikaisha. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu kiwanja walichoanza kujenga, kuhusu mgongo wa mama. Habari ya kuichukua haikutajwa, wala mimi sikuitaja. Walinisindikiza hadi barabarani, wakiwa wameshikana mikono kwa sababu ya matope, na mama akanipa kabichi mbili nipelekee mume wangu.