Ua Lenye Mikia Miwili

Fundi viatu wa mtaa, aliyeitwa Mzee Soli hata na wajukuu zake, alikuwa na mwiko mmoja: kiatu chake hakigusi maji. Mvua ikinyesha, wateja walimkuta kibarazani, miguu juu ya kigoda, akiwahubiria juu ya ngozi, nta na ubaya wa madimbwi. Viatu vyake vya kahawia alivishona mwenyewe, na alivipiga rangi hata siku ambazo hakuwa na mpango wa kutoka.

Basi mkewe, aliyekuwa kitandani na maumivu ya nyonga tangu ateleze jikoni, akatamani ua. Si la dukani. Alitaka lile alilowahi kuonyeshwa na marehemu mama yake, katika bonde la majani nyuma ya mtaa, bonde ambalo halikauki mwaka mzima: bua moja lililonyooka, vijiua vya zambarau vimepangana toka chini hadi juu, na kila kijiua kina mikia miwili kwa nyuma.

Mzee Soli alicheka mpaka akashika mbavu. Hata hivyo alishuka bondeni, akafuata kijia kikavu na kuchuma la zambarau lililokuwa karibu. Mkewe hakulitazama ua kwanza. Alitazama viatu vilivyokuwa viking'aa, akasema hajafika. Akarudishwa. La pili halikuwa na mikia, la tatu lilikuwa la kutambaa, na la nne, kusema kweli, lilitoka kwenye maharage ya jirani.

Kwa kuona haya, akaanza kuwatania wateja kwamba mama watoto anaota maua yenye mikia, akili zimeanza kumruka. Watu wakacheka, naye akazidi kutia chumvi. Utani ukatembea hadi ukamfikia binti yao mkubwa, muuguzi, mtu asiyejua mzaha hata umchoree picha. Akaja na begi tupu. Alimhoji mama yake taratibu, mama akamweleza habari za mikia kwa utulivu kabisa, na binti akaanza kukunja nguo. Alisema mama atahamia kwake; mgonjwa aliyechanganyikiwa haachiwi mzee anayeshinda kibarazani.

Mzee Soli akajitetea kwamba ulikuwa utani tu. Binti akamuuliza kama basi hilo ua lipo. Ikambidi akiri kwamba hajawahi kuliona. Hapo moyo ukampasuka: aliiona nyumba isiyo na mtu wa kumgombeza kwa gundi kwenye mashuka, na hakuipenda hata kidogo.

Alishuka bondeni mbio. Kwenye kijia akasimama, akatazama viatu vyake, akatazama katikati ya bonde ambako majani yalikuwa mabichi zaidi na maji yalimeta chini yake. Kule hakuwahi kukanyaga. Kwa haraka aliyokuwa nayo, kuvivua hakukumjia akilini. Alikiomba radhi kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akaingia.

Tope likampokea mpaka vifundoni, kisha juu zaidi. Palipotuama maji, katikati ya vyura, lilisimama bua moja, nyuma yake lingine, halafu kundi zima. Akainama, akageuza kijiua kwa kidole chenye gundi. Mikia miwili, kama ncha za uzi ambazo fundi amesahau kuzikata.

"Kumbe mke wangu mzima," akawaambia vyura.

Alichimbua bua moja pamoja na mizizi na tope lake, akatafuta pa kulitia. Hapakuwa na kitu. Akavua kiatu cha kulia.

Nyumbani binti alikuwa akifunga zipu ya begi. Baba yake akaingia na tope hadi magotini, mguu mmoja mtupu, amekumbatia kiatu kilichojaa maji, ua limesimama ndani. Mama hakulitazama ua kwanza. Alitazama kiatu.

"Leo umefika," akasema.

Kisha akaigusa mikia kwa ncha ya kidole, akacheka huku machozi yakimtoka. Binti akasogea, akaihesabu mwenyewe, akakaa chini.

Mzee Soli alikuwa akipapasa soli kwa chini. "Na angalieni," alisema kwa fahari, "hakijavuja hata tone."

Binti alimkagua kuanzia kichwani hadi kwenye ule mguu mtupu. "Mama, nadhani wa kuchukuliwa ni baba."

"Mwache hapahapa," mama akasema. "Huyu nitamwangalia mimi."