Miaka Kumi na Sita ya Mashine ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa mhunzi wa Ntobeye. Muda mfupi kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa, alitengeneza mashine ya kupukuchua mahindi kwa gurudumu la baiskeli iliyokufa na bati la pipa. Ulizungusha mpini, gunzi likatokea upande mmoja likiwa tupu, punje zikamwagikia kwenye debe. Wanawake waliozoea kupukuchua kwa mikono hadi vidole vikavimba walikuja kuitazama, wakaanza kuleta magunia.

Misheni kulikuwa na padre Mwingereza aliyesoma uhandisi kabla ya upadre. Aliiona mashine akasema inastahili hataza, yaani hati inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze kitu chake mpaka muda wa hati uishe. Nchi yetu ilikuwa huru, ina bendera yake na wimbo wake, lakini kwa mambo ya akili sheria ilitaka ukubaliwe kwanza Uingereza, ndipo Dar es Salaam nao wakuandikishe. Na hati ya Dar ingeishi maadamu ile ya Uingereza iko hai. Ile ikifa leo, hii nayo haifiki kesho.

Padre alichora michoro, akaituma kwa wakala wake huko kwao, na akajitolea kulipa ada ya kila mwaka ili hati isife kabla ya siku zake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo nikafanywa msomaji wa barua. Barua zilikuwa chache. Wakati tunasubiri, tulihamishwa, tukajenga upya, tukavuna mara kadhaa.

Huko kijijini mwenyekiti aliitisha mkutano, akaeleza kwa upole kwamba katika ujamaa hakuna mtu mmoja mwenye wazo. Mashine ikawa ya kijiji. Kwa usalama wake ikawekwa nyumbani kwa mwenyekiti, ambako msimu mzima ilipukuchua mahindi ya mwenyekiti. Mjomba hakubishana. Alirudi kwenye mivukuto yake akatengeneza nyingine.

Hati ilipofika hatimaye, ilikuwa na mhuri mwekundu na maandishi ya kupendeza. Tulimpelekea padre atufafanulie. Mjomba alimwamkia, "Shikamoo, baba," ingawa padre alikuwa mdogo kwake, kisha akauliza haki yake ni ya muda gani.

"Miaka kumi na sita," padre alisema. "Lakini inahesabiwa tangu siku walipopokea maombi yako, si tangu siku walipoyakubali."

Mjomba akauliza, "Kwa hiyo muda wote waliolala na karatasi zangu, walikuwa wanalala na miaka yangu?"

Padre alikiri kwamba ndivyo. Mjomba akaniambia nitoe hesabu. Nilitoa, nikamtajia miaka iliyobaki, naye akaikunja hati akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Tangu siku hiyo, kila alipoona mtu anachelewesha jambo, alisema huyo angefaa kazi ya ofisi ya Uingereza.

Kisha vikaja vita vya Kagera. Malori yakachukuliwa, chuma kikaadimika, na mjomba mwenyewe akapelekwa Biharamulo kutengeneza magari ya jeshi. Katika kipindi chote hicho hakutengeneza mashine hata moja. Aliporudi, amekonda na kikohozi kimemshika, padre alikumbuka kwamba sheria ya kwao iliwahi kuwaongezea muda wavumbuzi walioharibiwa kazi na vita. Tuliandika. Nilieleza kwa Kiingereza changu bora kabisa kwamba adui alivamia mkoa wetu, na kwamba mizinga haikumwacha mhunzi afanye biashara.

Jibu la wakala lilikuwa la adabu sana. Vita vilivyohesabika ni vile ambavyo Malkia mwenyewe anapigana na taifa jingine, na hata kifungu hicho kilikuwa kimekwisha kufutwa. Nilimsomea mjomba mara mbili. Akauliza kama tungeweza kumwomba Malkia arudi nyuma kidogo ajiunge na vita vyetu.

Lakini barua ilikuwa na ukurasa wa pili. Sheria mpya ya Uingereza ilikuwa imerefusha hati zote zenye umri kama wa yetu, kutoka miaka kumi na sita hadi ishirini. Hatukuomba, na hakuna aliyetuuliza. Kwa vita tulinyimwa, kwa bahati ya kalenda tukapewa minne. Nilianza kushangilia, kisha nikasoma mstari wa chini: katika miaka hiyo minne, yeyote atakayeomba kutengeneza mashine, mjomba hana ruhusa ya kumkatalia.

"Basi wamenipa mlango usio na komeo," alisema.

Mwaka uliofuata tulisafiri pamoja, tukashuka Nyakanazi kungoja gari. Pembeni mwa vibanda vya chakula, fundi mmoja Msukuma aliyehamia kutoka Shinyanga alikuwa amepanga mashine tano za kupukuchua. Zilikuwa za mjomba, mpini kwa mpini, ila chini aliongeza chekeche la kutenga makapi. Mjomba alizizunguka zote. Alimwuliza fundi amejifunza wapi. Fundi akasema kila mtu anazitengeneza, hata hajui zilianzia kwa nani.

Nilitaka kusema. Karatasi zile nilikuwa nazijua kwa moyo. Mjomba alinishika mkono.

"Tukishtaki," aliniambia chini chini, "siku kesi itakapotajwa, hati itakuwa imeshazikwa."

Kisha akachuchumaa, akamwomba fundi amwonyeshe jinsi chekeche lilivyofungwa. Fundi alimwonyesha kwa furaha, akimwita mzee na kumfundisha taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni wa kazi. Mjomba aliuliza maswali mengi mazuri. Gari letu lilipofika bado walikuwa wanabishana kuhusu upana wa matundu, na ilibidi nimwite mara tatu.