Pumzi ya Langoni

Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kupumua vile ninavyopumua, nawaambia ukweli: hasira ndiyo ilinifundisha. Najua wengine hujifunza ili walale vizuri, au ili presha ishuke. Mimi kulikuwa na mtu mmoja niliyetaka aaibike, na aaibike mbele ya watu wale wale walioniona mimi nikiaibika.

Mtu huyo alikuwa kiongozi wa bendi ya tarumbeta ya kanisa letu, nyumbani Kosele. Sote tulimwita Mwalimu. Nilianza kupuliza chini yake nikiwa msichana, na hata baada ya kuolewa Uriri niliendelea kurudi kila bendi ilipoitwa matangani. Kanisa letu lina desturi yake. Maiti ikiletwa kutoka mochari, bendi hutangulia jeneza mpaka langoni, na hapo nyimbo hukoma. Mpulizaji mmoja anatoa sauti moja tu, ndefu, bila kuikata, mpaka jeneza litue chini ya hema. Ikikatika njiani, watu husema marehemu amekwama langoni, kwake hakumpokei.

Sasa, hakuna kifua cha binadamu kinachoweza kutoka lango mpaka hema kwa pumzi moja. Sisi wa bendi tulijua jinsi mambo yalivyokwenda. Anayepuliza akiona hewa inaisha, anamkonyeza mwenye tarumbeta ya pili, huyo anaipokea sauti ile ile, mwenzake anavuta hewa, kisha anarudi. Waombolezaji hawasikii kitu. Wanasema tu, yawa, huyu mtu ana mapafu.

Baba yangu alipofariki, niliomba nimpulizie mimi. Mwalimu alikubali haraka, kwa upole ambao ningeushuku kama singekuwa na msiba. Wazee wa kanisa walikuwa wameanza kunitaja taja, kwamba Mwalimu akichoka bendi ningeweza kuiongoza mimi, na habari hizo zilikuwa zimemfikia. Asubuhi ya mazishi alinifunga mkanda yeye mwenyewe. Sare yetu ni nyeupe, na tumboni tunazungusha mkanda mpana mwekundu wa kitambaa. Mwalimu alitufundisha kuukaza mpaka mtu aone nyota, kwa sababu, alisema, tumbo likibanwa pumzi haina pa kujificha, inapanda yote kwenye tarumbeta. Siku hiyo alivuta mpaka nikashika ukuta.

Nilianza vizuri. Jeneza likaingia langoni, nikaona viatu vya ndugu zangu wakilibeba, na hapo kilio kikanipanda. Hewa ikaniishia. Nikamkonyeza mwenzangu wa tarumbeta ya pili, naye tayari alikuwa ameiweka mdomoni. Mwalimu akamshika kiwiko. Alimshika tu kiwiko na kukishusha chini, na macho yake yalikuwa kwangu.

Sauti ilikatika. Waliobeba jeneza walisimama, kwa sababu hawakujua kama waendelee. Ndipo Mwalimu akainua tarumbeta yake akamalizia, safi kabisa, na watu wakamshangaa. Wakati wa chakula nilimsikia akiwaambia wanaume wenzake kwamba pumzi ya mwanamke ni ya kuwashia moto jikoni. Walicheka huku wakitafuna nyama ya ng'ombe wa baba yangu. Jumapili iliyofuata nikaambiwa nirudishe sare. Shangazi yangu, dada yake baba, hakunisemesha kwa muda mrefu, na nilipomuuliza aliniambia, "Ulimwacha ndugu yangu langoni, nyathina, mwanangu." Hilo ndilo neno sikuweza kulimeza.

Nikarudi Uriri kwenye kibanda changu cha mitumba. Kila nilipomkumbuka yule mtu, kifua kilinibana, mikono ikafa ganzi, nikadhani ni moyo. Mume wangu akanipeleka kliniki Migori. Walinipima hiki na kile, wakasema moyo ni mzima, ni mawazo. Kulikuwa na nesi mmoja mnene, mcheshi, akanilaza kwenye mkeka na kuniwekea kitabu tumboni. Akaniambia nivute hewa kwa pua mpaka kitabu kiinuke, kifua kibaki kimya, kisha nitoe kwa mdomo polepole, kama mtu anayepoza uji. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

"Fanya hivi kila siku, mama," alisema. "Utatulia. Hata huyo aliyekukosea utamsamehe."

Nikamjibu, ndiyo, sista. Nilitulia kweli. Kusamehe hakukuja.

Nyumbani nilitumia gorogoro ya maharagwe, lile kopo la kupimia nafaka, badala ya kitabu. Nililala sakafuni baada ya kufunga kibanda, gorogoro ikapanda na kushuka tumboni, watoto wakaniruka wakienda zao. Siku moja nikapata wazo la kujifunga leso tumboni, kwa nguvu, vile Mwalimu alivyokuwa akitufunga mkanda. Nikavuta hewa. Gorogoro haikusogea hata kidogo. Mabega ndiyo yalipanda, shingo ikakaza, na pumzi niliyopata ilikuwa ya mtoto. Nikafungua leso, nikavuta tena, gorogoro ikainuka karibu imwage maharagwe. Nilibaki pale chini nikicheka peke yangu kwa uchungu. Miaka yote ile alikuwa akiinyonga bendi nzima na sisi tunamwita Mwalimu. Yeye mwenyewe alijibana vile vile, ndiyo maana hakuweza kwenda hatua chache bila kukonyeza.

Nikanunua tarumbeta kuukuu mjini Migori, yenye kovu ubavuni, kwa mfanyabiashara wa redio na vyuma vya zamani. Kisha nikaanza kutafuta kile nilichowahi kuona kwenye simu, mtu anayepuliza bila kukoma kabisa. Siri iko mashavuni. Unajaza mashavu hewa, na wakati mashavu yanaisukuma hewa hiyo nje, pua inavuta nyingine. Ukieleza ni rahisi. Kufanya, wacha tu. Nilianza na maji mdomoni, nikiyatema kama uzi mwembamba huku navuta hewa kwa pua, na nililowa vya kutosha. Nikahamia kwenye mrija ndani ya chupa ya soda, mapovu yasikatike. Wateja walinikuta nimevimba mashavu nyuma ya rundo la suruali, wakauliza bei kwa woga. Mume wangu alisema ameoa chura. Nilimwambia asubiri, chura huyu ana safari.

Mapovu yalipoacha kukatika, nikarudi kwenye tarumbeta. Kila mara niliposhindwa nilikikumbuka kile kiwiko kikishushwa, nikaanza upya. Sijui watu wasio na adui hujifunzaje kitu kigumu.

Kisha wifi yangu akanipigia simu kutoka Kosele. Mama yake Mwalimu alikuwa amefariki, na Mwalimu alikuwa amesema atampulizia mwenyewe.

Marehemu hakuwa na kosa kwangu. Alikuwa jirani yetu, mwanamke mwenye maneno machache, na utotoni nilikula kwake mara nyingi. Ningekwenda kumzika hata kama mwanawe angekuwa malaika. Lakini sitadanganya kwamba nilikwenda kufariji tu. Nilifunga tarumbeta ndani ya leso, nikaiweka kwenye mfuko pamoja na sukari ya matanga, na moyoni nilikuwa nasema, leo atanitambua.

Nilisimama karibu na lango, upande wa wanawake. Bendi ikaja mbele ya jeneza, mikanda myekundu imekazwa mpaka matumbo yamegawanyika mara mbili. Nyimbo zikakoma. Mwalimu akainua tarumbeta, akaanza. Alikuwa amezeeka, lakini sauti ilikuwa nzuri bado. Jeneza lilipompita akaligeukia, na nikaona midomo yake ikitetemeka. Nilijua kinachokuja, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mahali pale pale. Alimkonyeza mwenye tarumbeta ya pili. Yule kijana wa watu alikuwa analia, macho chini, hakuona.

Sauti ilipoanza kupasuka, nilikuwa nimekwisha kuivuta yangu kutoka kwenye leso. Niliipokea kabla haijakatika.

Niliingia katikati ya njia, nikatembea nyuma ya jeneza, polepole. Tumbo langu lilikuwa huru chini ya gauni, pua ikivuta, mashavu yakisukuma, sauti ikienda. Sikumkonyeza mtu. Watu walianza kunitazama, kwanza usoni, kisha kifuani, wakitafuta ninapovutia hewa. Mwalimu alipata nguvu kidogo, akainua tarumbeta yake mdomoni na kunitazama, akitaka nimrudishie. Aliyebebwa alikuwa mama yake. Alikuwa na haki ya kuomba. Sikumpa. Nilimtazama machoni nikaendelea kupuliza, mpaka akashusha mkono.

Waliobeba jeneza nao hawakuwa na haraka, nadhani walitaka kuona mwisho wangu. Lilipotua chini ya hema nilishikilia sauti kidogo zaidi, kwa ajili ya baba, ndipo nikaiacha. Shangazi yangu alikuwa kwenye viti vya mbele. Alijifunika uso kwa leso, akanyoosha mkono wa pili na kunishika gauni.

Kelele zikazuka nyuma yetu. Mwalimu alikuwa amekaa chini vumbini, anahema mbio mbio, vidole vimejikunja, midomo imekauka. Mmoja akasema ni presha, mwingine akasema atafutiwe gari. Niliijua hali ile, niliiishi. Nikaenda, nikapiga magoti mbele yake, nikaufungua ule mkanda mbele ya ukoo wake wote. Ulikuwa mrefu, nikauzungusha na kuuzungusha mpaka tumbo lake likatoka kupumzika.

"Toa," nikamwambia, kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia. "Acha kuvuta. Toa kwanza, polepole, poza uji."

Alinitazama kwa chuki. Lakini mtu asiye na pumzi hana jeuri. Akatoa. Nikamwambia vuta kwa pua, akavuta. Nikamwambia toa, akatoa. Nilimweka hapo muda mrefu kuliko alivyohitaji. Nesi wa Migori angenikemea, lakini nilikuwa nasikia raha tele mwilini, raha ambayo mkeka na maharagwe havikuwahi kunipa.

Aliposimama, alipanguswa vumbi, akapelekwa kwenye maikrofoni kusema neno kama mtoto wa kwanza. Aliwashukuru waliokuja. Kisha akasema, "Na huyu dada mliyemsikia ni mwanafunzi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kupumua." Watu wakapiga makofi. Nilihisi kifua kikinibana tena, pale pale, kama siku za kwanza. Nilitoa hewa nje yote. Mtu akichukua maikrofoni kwenye mazishi ya mama yake, humnyang'anyi.

Tukaenda kaburini. Bendi ilijipanga upande wa udongo, na mwenye tarumbeta ya pili akaniachia nafasi karibu naye bila kuulizwa. Nikaingia. Huyo kijana aliufungua mkanda wake, akauweka mfukoni. Mwenzake wa ngoma akamwona, akaufungua wake.

Bendi ya tarumbeta haianzi kwa mkono, ingawa watazamaji hudhani hivyo. Inaanza kwa pumzi. Kiongozi anavuta hewa, wapulizaji wanamwona tumbo na mabega, wanavuta naye, na wimbo unatoka kwa wote mara moja. Usipovuta pamoja na wenzako huwezi kuingia pamoja nao. Mwalimu alisimama kichwani mwa kaburi la mama yake, akainua mkono, akavuta hewa.

Hakuna aliyevuta naye. Macho yao yote yalikuwa kwangu. Alisubiri, mkono juu, na nikamwacha asubiri mpaka akageuka akaona wanamtazama nani.

Ndipo nikavuta hewa, na bendi nzima ikavuta nami.