Nyasi za Drumorrie

Jumba la Drumorrie lina madirisha mia moja na tatu, na Elspet Geddes ameyafuta yote. Aliingia pale ana miaka kumi na sita, kazi kufuta vumbi, mpaka akawa mtembeza wageni. Miaka thelathini na moja anawasimamisha dirisha la juu, anawaonyesha uwanja wa nyasi unavyoteremka hadi mtoni, anawaambia: "Kabla ya jumba, hapa kinamasi tu. Hakuishi mtu." Ndivyo kinavyosema kitabu cha jumba.

Babu yake alikuwa anabisha. Alisema pale palikuwa na kijiji kizima cha wazee wake, bwana wa jumba akakibomoa ili asione moshi wa watu akinywa chai. Siku moja mzee akaja kubisha mbele ya wageni. Elspet akamshika mkono mpaka getini. "Babu, unaniaibisha kazini." Mzee hakuligusa tena jambo hilo mpaka tunamzika.

Mwaka huu mvua iligoma wiki saba. Kwetu Uskochi, mvua igome. Nyasi nakata mimi, kwa hiyo zilipoanza kukauka mistari mistari, Wattie, mkubwa wa bustani, akanivaa mimi.

"Umemwaga petroli, Dod?"

"Petroli gani inachora pembe nne, mzee?"

Tukapanda paani tuone vizuri. Elspet akatufuata anacheka. "Ngoja nikaone kijana anavyofukuzwa."

Tulipofika ukingoni kicheko kilikatika. Nyumba. Njia katikati, nyumba huku na huku, nyasi zimekufa juu ya kuta zilizofukiwa, hadi nafasi za milango unaziona. Nilihesabu kumi na tisa. Misimu miwili napitisha mashine juu ya vitanda vya watu.

"Babu alisema kwao ni ya tatu kutoka mtoni," Elspet akasema. "Jiko limetokeza kwa nyuma."

Tukahesabu. Ya tatu ilikuwa imetokeza kwa nyuma.

"Nilimtoa getini, Wattie. Kwa mkono huu."

Wattie akavua kofia.

Wageni wa saa nane walikuwa wameshafika chini. Nikamwambia Elspet apumzike, nitawadanganya anaumwa.

"Wameshadanganywa vya kutosha," akasema, akashuka.

Dirishani hakusimama. Aliwatoa nje moja kwa moja, akawapeleka mpaka nyumba ya tatu, akasimama pale palipokuwa na mlango.

"Piteni hapa, mmoja mmoja," akawaambia. "Msikanyage ukuta. Hapa ni kwa babu yangu."