Msiba Uliokosa Mtani

Mie ni Mzaramo wa Temeke, na shule yangu iliishia darasa la saba. Sikufeli sana, nilifeli kidogo ila mara nyingi. Nasema mapema ili mtu asishangae nilifikaje kuwatengenezea video za matangazo madaktari na mawakili. Nilifika kwa simu. Nilikuwaga napiga picha za kipaimara, nikaanza kurekodi matangazo ya saluni, mpaka siku moja daktari wa meno pale Kinondoni akaniona namrekodi jirani yake muuza mapazia. Akasema, "Kijana, na mie nifanyie."

Kumbe Mnyamwezi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani toka enzi za mababu, wanatukanana na hakuna wa kukasirika. Aliposema kwao Tabora nikamjibu hapohapo, "Basi simama wima, mtumwa wangu, nikurekodi." Wagonjwa kwenye foleni wakashtuka. Yeye alicheka mpaka akavua barakoa.

Muda alikuwa hana. Asubuhi kliniki, jioni kliniki nyingine, Jumapili kanisani. Iliyobaki ni Jumamosi mchana, nyumbani kwake Mbezi Beach. Nikawa naenda huko na stendi yangu ya simu na taa ya duara. Klipu fupi tu inakula mchana mzima, maana daktari mbele ya kamera anakuwa kama mtoto aliyesimamishwa kuimba mbele ya mkuu wa mkoa. Anakosea, tunacheka, tunaanza upya.

Na barazani alikuwepo mama yake. Bibi alikuja Dar kutibiwa miguu, akabaki. Anakaa kwenye kiti cha plastiki anachambua mchicha, ananisubiri.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mtumwa wangu. Umekuja kurekodi au umenusa wali?"

"Nimenusa wali. Kurekodi kisingizio."

"Wazaramo nyie. Kazi mnaijua kwa kuisikia."

"Mama, muache mtoto wa watu afanye kazi," daktari anasema huku anajifunga kilemba.

"Aifanye basi. Toka amefika ameshika simu tu."

Siku moja daktari yuko ndani anabadilisha gauni, bibi akaniuliza kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Nikifa utakuja?"

"Mie kaburini nitaingia kabla yako, bibi. Na sitoki mpaka wanao wanipe jogoo."

"Jogoo mdogo huyo. Dai mbuzi."

"Haya, mbuzi."

"Usiniangushe. Huku mjini watu wanazikwa kimyakimya kama wameiba. Mie nataka mtu wa kunicheka."

Mtani ana kazi yake msibani. Wenzake wanalia, yeye anaigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anazuia jeneza mlangoni, anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa wanajikuta wanacheka na machozi yako mashavuni. Msiba bila mtani haubebeki. Kwa hiyo nikamwambia bibi nitakuja, na wala sikuwa natania.

Halafu mie mjanja nikagundua akili mnemba. Unaipa video moja ya mtu pamoja na sauti yake, baada ya hapo unaandika maneno tu, inakutolea mtu huyohuyo anaongea, anapepesa macho, na hakosei hata neno. Nikamwonyesha daktari alivyo humo, anaelezea kung'oa gego bila maumivu, maneno ambayo mwenyewe hajawahi kuyatamka.

"Huyu kanizidi," akasema.

"Na wali hali. Daktari, Jumamosi yako lala. Nitakuwa natengenezea nyumbani, video zinajiposti zenyewe, hata watu wakikomenti inawajibu yenyewe."

"Kwa hiyo na wewe huji tena?"

Nikadhani anauliza ishu ya kazi. "Nije kufanya nini?" nikamjibu.

Bibi akadakia kule barazani, "Mzaramo kapata namna ya kufanya kazi amelala." Tulicheka wote. Nilikuja kujua baadaye kwamba ndo kicheko changu cha mwisho na yeye.

Kazi ikakua. Nikapata wakili wa Ukonga, nikapata mhasibu, nikapata daktari wa macho, wote watu wasio na muda wa kukaa mbele ya kamera. Mie nimekaa Temeke na feni na laptop ya mtumba, mwezi ukianza napanga video za mwezi mzima, basi. Sura za wateja wangu nilikuwa naziona kila siku kwenye skrini, nikawa najiona kama tunaonana.

Siku moja nikafungua ukurasa wa daktari kuangalia video gani inafanya vizuri. Kulikuwa na moja imetazamwa kuliko zote, ile ambayo anatabasamu na kupunga mkono. Nikachekelea. Nikashuka kwenye komenti nione watu wanasifiaje.

"Pole sana daktari kwa kumpoteza mama."

Chini yake lilikaa jibu: "Asante kwa maoni yako! Karibu kliniki upate tabasamu jipya."

Mwingine kaandika, "Bibi yetu apumzike kwa amani." Naye kajibiwa, "Tunafurahi umependa!" Kuna aliyeuliza, "Jamani daktari, na msiba wote huu unatupungia mkono?" Hata huyo alikaribishwa kusafisha meno.

Nikazima feni, sijui kwa nini. Kwenye komenti za chini zaidi nikasoma kwamba bibi alikuwa ameshazikwa kitambo, tena hapahapa Dar, makaburi ya Kinondoni. Kutoka kwangu ni bodaboda moja tu.

Kesho yake nikaenda kliniki. Kwenye TV ya ukutani daktari wa kutengeneza anatabasamu. Wa kweli akatoka chumbani, amekonda.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba." Akaishia hapo, hakuniongezea mtumwa.

"Pole. Sikujua."

"Najua hukujua."

"Zile video nimezisimamisha. Na yale majibu nimeyafuta yote."

"Hayo watu wameshasahau. Anayenijua anajua ile ni mashine." Akaangalia kucha zake. "Jeneza lilivyokuwa linatoka ndani, nikawa naangalia getini. Mama alikuwa anatuambia Mzaramo wake atakuja kulizuia. Likapita tu. Hamna aliyelizuia."

"Si ungenipigia, daktari."

"Mtani anaitwa msibani?"

Njiani nilikuwa nimetunga utani, wa mbuzi, mzuri tu. Haukutoka.

"Ungekuwa unakuja zile Jumamosi, ungemkuta anaumwa," akasema. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Akavaa glovu, kuna mtu alikuwa anamsubiri kwenye kiti mdomo wazi. Nikamwomba anielekeze kaburi lilipo, akanielekeza, nikaondoka.

Nimewaokolea muda watu wengi na hakuna aliyelalamika. Muda wa daktari niliuokoa vizuri kabisa, sema zile Jumamosi zilikuwa na wenyewe wengine, bibi na mie, na sisi hatukuulizana.

Kaburi nililikuta limeshajengewa, tailizi nyeupe, na msalaba wenye maua ya plastiki. Nikatazama huku na huku, nikavua viatu, nikalala chali pembeni yake, kwenye saruji. Mzee anayefagia makaburi akanisogelea.

"We kijana, unaumwa?"

"Hapana mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hapo hapalaliwi."

"Najua. Nasubiri mbuzi."

Akanitazama, akarudi kwenye ufagio wake. Mtani akigoma kutoka, wafiwa wanambembeleza, huyu anamvuta mkono, yule anaahidi jogoo, na raha yote iko hapo. Mie nililala mpaka saruji ikaniunguza mgongo. Hakuna aliyekuja kunibembeleza. Nikainuka mwenyewe, nikavaa viatu.