Noti Niliyombandika Mfilipino Katikati ya Mechi

Mimi nilikuwa nimefika mahali ambapo hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Nilitoka Lubumbashi na darasa la sita tu, nikaanza Brussels na ndoo moja na fagio, na kufikia miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa na magari manne ya usafi na wafanyakazi wenye diploma. Ukumbi wa mpira wa kikapu kule Anderlecht nilikuwa nausafisha mimi. Klabu, ya daraja la pili, ilinipa koti lake, na koti lile nilivaa hadi kanisani.

Humo ndimo nilimomjua Mfilipino. Mama yake alikuwa anapiga deki kwangu. Yeye alijifunza mpira Manila, uchochoroni, miguuni kandambili, akaja kuwa mchezaji wa kulipwa katika timu tatu za kwao, mara nyingi akiwa benchi. Kazi yake ilikuwa meneur, yule anayepandisha mpira na kuwagawia wenzake. Alikuwa mfupi, ananifika sikioni, na mimi si mrefu. Wabelgiji wakubwa walimcheka mpaka alipowapita chini ya kwapa na kurusha mpira juu kama mtu anayemrushia jirani chungwa dirishani, ukaangukia ndani ya kikapu.

Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Mwenyekiti wa klabu alimwambia mbele yangu, nikiwa nafuta viti: tukishinda mechi ya mwisho tunabaki daraja letu, na wewe una mkataba, tukishindwa, basi. Kwa umri ule hakuna klabu nyingine ingemuita. Kilichobaki kilikuwa kubeba maboksi kwenye depo karibu na mfereji.

Mechi ile nilikuja na mke wangu na akina mama wa saluni za Wakongo kule Galerie d'Ixelles. Zilibaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja, Mfilipino akafunga. Tukaongoza kwa moja. Kocha wa wageni akaomba mapumziko.

Bon. Kwetu mtu akikufurahisha hivyo humuachi hivihivi. Mwanamuziki akiimba vizuri unapanda jukwaani, unambandika noti kwenye paji la uso, jasho linaishika. Nikasimama.

"Unaenda wapi, papa?" mke wangu akauliza.

"Kumutunza mutoto."

"Hii si concert! Ikala chini!"

"Mpira umesimama, maman. Wacha watu waone."

Nikaingia uwanjani na viatu vyangu vya ngozi, nikambandika noti ya euro hamsini. Ilikaa vizuri kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mwamuzi akapiga filimbi.

Aliona koti la klabu, akanihesabu kama mtu wa benchi letu. Akawapa wageni mitupo miwili ya bure na mpira juu yake. Wakatia yote miwili, wakaushika mpira mpaka saa ikalia.

Nikarudi kitini. Mama mmoja wa saluni akaniinamia sikioni: "Tonton, siku ingine mumubandike arbitre, ule wa filimbi."

Mfilipino alitoka kuoga na noti mkononi. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini "papa" alishajifunza kwa wafanyakazi wenzake na mama yake.

"Papa, Manila walinitupia sarafu. Noti, hii ndiyo ya kwanza." Akaikunja, akaitia kwenye soksi. Kisha akauliza, "Kwenye depo wanaanza saa ngapi asubuhi?"

 Nilikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwenyekiti.

"Mshahara wake wa msimu ujao nalipa mimi," nikasema.

"Wewe? Bwana wa usafi?"

"Mimi. Bwana wa magari manne."

Yakabaki matatu, lakini neno langu lilisimama. Mfilipino alicheza msimu mzima daraja la chini, akaongoza timu mpaka ikapanda tena, akaacha mpira kwa hiari yake, watu wote wamesimama wakimpigia makofi. Mimi nilipiga makofi nimekaa, maana mke wangu alikuwa ameshika mkanda wangu wa suruali. Hata leo nasema noti ile alistahili. Mshahara wa miezi kumi, faini iliyopigwa klabu kwa ajili yangu, na noti yenyewe: euro elfu kumi na nne na mia tatu.